Mbao za Asanasio na Gari la Mbelgiji

Watu waliokuwa Kasese Jumamosi ile ya Agosti 1970 wakikuambia kwamba waliona gari likivuliwa nguo mchana kweupe, mbele ya wazungu, wake zao na mbwa wao, usiwabishie. Mimi nilikuwepo, nimesimama hatua tatu tu, na mdomo wangu ulikuwa wazi hivi kwamba nzi aliingia akatoka bila kuomba ruhusa. Aliyelivua ni mzee Asanasio Thembo, jirani yangu, seremala wa Bwera, mtu ambaye hata kuku wa jirani akiingia uani kwake, humrudisha kwao kwa mikono miwili na kuomba radhi. Nasimulia kwa sababu wapo wanaoisimulia vibaya, na wengine wao siku hiyo hata Kasese hawakufika.

Mambo yalianza Julai 1960. Kongo ilikuwa imepata uhuru, mwezi haujaisha, askari wameasi maofisa wao, na Wabelgiji wanamiminika Mpondwe kuvukia kwetu Uganda. Walikuja na majokofu juu ya paa, walikuja na kasuku. Katikati ya msafara huo akaja mwenye shamba la kahawa wa upande wa Beni, Musyu, yaani Bwana, Benoît, ndani ya gari la mwaka 1927. Fikiria hapo. Mtu anakimbia bunduki, na anapanda gari la enzi za baba yake! Gari jipya alikuwa nalo, lakini hilo aliliacha mkewe aendeshe pamoja na watoto, yeye akashika lile kuukuu, kwa sababu alilipenda. Watu wa forodha walidhani jua limemwingia kichwani.

Lile gari lilifika Bwera, mbele ya kibanda cha Asanasio, likakohoa, likazima. Mke wa Benoît akasimama mbele kidogo na kuanza kupiga honi. Honi moja ndefu, isiyo na nukta. Benoît akatazama gari, akatazama alikotoka, kisha akamwita seremala, wakalisukuma pamoja mpaka ndani ya kibanda. Akatoa ufunguo.

"Mon vieux, mzee wangu, unichungie hii. Nitarudi."

"Siku gani, Musyu?"

"Nitarudi," akasema, na akakimbilia kule kwenye honi.

Basi. Hiyo ndiyo hati yote waliyoandikiana.

Wapo watu ambao ukiwaachia kuku na kusema utarudi, wanakupa wiki mbili, halafu kuku anageuka mchuzi. Asanasio hayumo humo. Kwake amana ni amana. Ufunguo aliutia kamba akauvaa shingoni, pale ambapo wenziwe Wakatoliki huvaa medali. Gari akalifunika turubai. Kisha akatoa meza yake ya kazi nje, maana kibanda kilikuwa kimoja na sasa kilikuwa na mpangaji. Miaka kumi alipiga randa juani, na mvua ikija alisimama chini ya paa la jiko akiwa amekumbatia misumeno yake. Wateja waliotaka kitanda kikavu wakahamia kwa fundi mwingine mwenye paa. Wewe ungekubali? Mimi nisingekubali hata kwa gari la askofu.

Mwaka 1963 akafungua turubai kupangusa vumbi, akashika mlango, mlango ukabaki mkononi. Mchwa! Gari za siku zile zilikuwa na mifupa ya mbao ndani ya bati, kama nyumba ya udongo ilivyo na miti ndani. Mchwa walikuwa wameingia kimyakimya wakala sakafu, wakala milango, wakala mbavu za paa, wakala hata duara la mbao la usukani. Kilichosimama pale kilikuwa bati na mazoea.

Mkewe Vasta, ambaye sote tulimwita Mama Vasta, alikuja akaona, akapiga makofi.

"Baba Enid, Mungu amekujibu bila wewe kuomba. Hii kitu imekwisha. Uza hii bati, tupate mabati ya jiko."

"Bati iko ya mutu."

"Na mbao?"

"Mbao mchwa imekula. Nitaweka ingine."

"Mbao ya nani?"

"Yangu."

"Mbao yako ndani ya bati ya mutu!" Mama Vasta akageukia majirani waliokuwa uani, ili wawe mashahidi. "Mumesikia? Mimi sijasema kitu. Yeye mwenyewe ndiye anasema."

Alinunua mvule kutoka misitu ya Beni, ubao mmojammoja, akakaa miaka miwili akichonga. Kila kipande alikipima kwenye mabaki ya kile kilichooza, kona kwa kona. Na hakupiga msumari hata mmoja, wala hakutia gundi. Skrubu tupu. Nilipomuuliza sababu, alinitazama kama mtu aliyeulizwa kwa nini anavaa suruali. "Siku mwenyewe akirudi na mbao yake ya Ulaya," akasema, "atafungua tu. Hatavunja."

Sasa sikia na hili. Juu ya rejeta ya gari hilo, mbele kabisa, palikuwa na kichwa cha mwanamke cha shaba, amevaa kofia ya chuma kama askari. Wakimbizi wa Kikongo walipoanza kuingia kwa wingi mwaka 1964, akaja mama mmoja mchuuzi wa vitenge kutoka Butembo, Anastasie, akachungulia kibandani na kupiga magoti palepale. "Sainte Jeanne!" Masista walikuwa wamemfundisha habari za yule msichana mtakatifu wa Ufaransa aliyepigana vita, na mwanamke mwingine mwenye kofia ya askari Anastasie hakumjua. Kufikia Pasaka kichwa kile kilikuwa na mishumaa miwili na ua. Asanasio hakukataza. Alichosema tu ni kwamba nta isianguke kwenye bati ya mutu. Ikaanguka.

Lakini hao waliosali walikuwa haohao waliosengenya. Mwaka wa kwanza watu walisema Asanasio ana bahati, wa tatu wakasema ni mjinga. Kufikia mwaka wa sita walikuwa wakisema yule Mbelgiji hakuondoka Bwera. Kwamba sakafu ya kibanda ukiikanyaga kona ya kushoto inalia tofauti. Kwamba mtu hawezi kukaa juani miaka yote kulinda gari asilopanda, isipokuwa kuna kitu chini yake asichotaka kionekane. Anastasie mwenyewe, akitoka tu kuwasha mshumaa, aliwaambia watu sokoni Mpondwe kuwa binamu yake aliiona kofia ya Benoît kwenye kichwa cha mvuvi wa Hamukungu. Sasa kofia ya Mbelgiji ilifikaje ziwani? Hilo hakuna aliyeuliza.

Januari 1970 ndipo jambo hilo lilipompata hasa. Binti yake, Enid, alikuwa amechumbiwa na kijana wa Mahango, na baba wa kijana, mzee Eriya, aliteremka mlimani na wazee wenzake kumaliza maneno ya mbuzi wa mahari. Wakakaa, wakakubaliana. Chakula kikaletwa, na nyama juu yake. Eriya akatoka kwenda haja, na aliporudi alipitia kibandani. Aliingia sebuleni akabaki amesimama.

"Asanasio. Mwenye ile gari iko wapi?"

"Ilienda. Itarudi."

"Ilienda wapi?"

"Sijui."

"Na ikaacha gari."

"Ndiyo."

Eriya akavaa kofia yake pole pole. "Mulimuzika wapi?"

Wale wazee waliinuka wote pamoja, wakatoka, na nyama wakaiacha mezani. Mtu aliyeshuka kutoka Mahango kwa miguu, kuacha nyama ikitoa moshi! Tangu hapo nilijua jambo hili si la kucheka, na mimi ni mtu anayecheka hata matangani. Enid hakutoka chumbani siku mbili. Siku ya tatu baba yake alisimama mlangoni kwake akamwambia: "Nitamutafuta huyu muzungu. Atasimama hapa ndani ya uwanja yetu, akiwa mzima, na Eriya atamuona na macho yake."

Angemtafutia wapi? Dunia nzima? Jibu lililetwa na Ojara, Mwacholi mmoja aliyewahi kuwa askari, ambaye siku hizo aliendesha lori la kahawa kati ya Bwera na Kasese na bado aliongea kana kwamba sisi sote tumepanga mstari mbele yake.

"Mzee! Mimi nimeona kitu leo stesheni ya Kasese. Treni inaleta gari! Gari nane, iko juu ya behewa, imefunikwa blanketi. Mimi nauliza, kwani hii gari iko mgonjwa? Wananiambia hapana, iko nzee, inakuja kuonyeshwa Jumamosi. Wazungu wa Kampala na Nairobi!"

"Kuonyeshwa nini?" akauliza Asanasio.

"Hata mimi sijui! Haibebi mtu, haibebi ndizi. Inasimama, watu wanaangalia, halafu inapewa kikombe."

Asanasio akaweka randa chini. Hakujali kikombe. Akili yake ilikwenda moja kwa moja: mahali wanapokusanyika watu wenye wazimu wa magari makuukuu, lazima yupo mmoja anayemjua Benoît, kama wagonjwa wa ugonjwa mmoja wanavyojuana hospitalini. Jumamosi alfajiri tulilipandisha gari juu ya lori la Ojara kwa mbao na kamba. Mimi nilichukuliwa kwa ajili ya Kiingereza, maana wakati huo bado niliitwa mwanafunzi wa diploma. Asanasio alibeba mfuko wake wa vifaa, ambao hauachi hata akienda kanisani, na debe moja lililofungwa kwa kitambaa. Ojara akauliza debe ni la nini. "Iko ya mwenye gari," akajibiwa, na hapo swali likafa.

Uwanja wa mpira wa Kasese sitausahau. Magari yamepangwa juu ya nyasi, kamba imezungushwa, na mtu haruhusiwi kugusa. Kugusa gari! Nilimwona mzungu mzima, mwenye nywele nyeupe, amepiga magoti anasugua tairi kwa mswaki. Tairi, kitu kilichoumbwa kikanyage mavi ya ng'ombe! Mwingine alipuliza vumbi kwenye boneti kwa mdomo, akapangusa pumzi yake kwa leso, akapangusa leso kwa leso nyingine. Watu wa Kasese waliojaa nje ya kamba hawakucheka hata. Walikuwa wameishiwa.

Tulipoteremsha letu na kuvuta turubai, mswaki ulisimama. Wakaja wote. Mwingereza mmoja mwenye ndevu, ambaye nadhani ndiye aliyekuwa mkubwa wa klabu yao ya magari makuukuu, alizunguka gari mara tatu bila kupumua. Alikwangua nta kwenye kichwa cha shaba kwa ukucha, akainusa, akaniuliza ni mafuta gani haya. Nikamwambia ni mishumaa ya kanisa. Akaandika.

Pamoja naye alikuwa mwamuzi wa pili, mnene, mwenye kofia ya jua na karatasi za alama. Huyu hakuangalia bati. Aliingiza kichwa ndani ya mlango akapapasa mbao, akagonga kwa vidole, akasikiliza kama daktari. Kisha akamweleza mwenye ndevu kwa Kiingereza cha puani, na mwenye ndevu akaitikia kwa kichwa, kwa furaha. Asanasio akaniuliza wanasema nini.

"Anasema wanakupa alama zote za mbao. Anasema hii ni mbao halisi ya Ulaya, miaka arobaini na mitatu, haijaguswa na mkono wa mtu. Anasema mbao za kwao hazifi."

"Mwambie iko mvule," akasema Asanasio. "Ilitoka Beni."

Sikuhitaji kutafsiri. Aliposikia Beni, yule mnene alitoa kichwa ndani ya gari.

"Beni? Weye iko mutu ya Beni?"

"Hapana. Miye iko mutu ya Bwera. Hii gari iko ya Musyu Benoît, ya kahawa. Munamujua?"

Mnene akavua kofia. Upara ulikuwa unang'aa. Akamtazama seremala, akalitazama gari, akatazama kile kichwa cha shaba.

"Benoît ni miye," akasema.

Asanasio alimtazama mtu yule uso mzima, akiondoa unene na kumrudishia nywele, mpaka akampata. Machozi yakamtoka yenyewe. Akavua ufunguo shingoni, akaufuta jasho kwa shati, akaunyoosha kwa mikono miwili.

"Musyu. Ulikawia."

Sasa ngoja. Ulifikiri alitoka Ulaya? Hata mimi. Benoît, hana haya hata kidogo, akaeleza kwamba alikaa Nairobi mwaka mmoja, halafu akapata kazi ya umeme mgodini. Hapahapa. Alikuwa Kasese kwa miaka tisa! Bwera na Kasese, lori la kahawa linakwenda asubuhi, linarudi kabla jua halijazama. Miaka tisa mzee wa watu anaungua juani, anaitwa muuaji, na marehemu yuko umbali wa safari ya asubuhi, anacheza karata na kunenepa.

"Kwa nini haukuja?" Asanasio aliuliza kwa sauti ya mtu anayeuliza njia.

"Ah, mon vieux!" Benoît akacheka, akampiga begani. "Nilisema vile tu, bibi alikuwa anapiga honi. Nilijua muko munaikata-kata siku ile ile, munatengeneza masufuria!"

Masufuria. Ojara, nyuma yangu, alitoa neno la Kiacholi ambalo sikulijua lakini nililielewa.

Asanasio akalimeza hilo. Akasema: "Hakuna neno. Gari iko yako, iko hapa. Mimi naomba kitu moja tu. Siku moja kuja Bwera. Simama ndani ya uwanja yangu, batu bakuone. Banasema nilikuua. Mutoto yangu ameachwa juu ya hii maneno."

"Bwera? Kwa mupaka? Hapana, hapana. Sina wakati."

"Siku moja, Musyu."

"Maneno ya batu ya kijiji, nani anajali?" Na akawa ameshamgeukia mwenye ndevu, aliyekuwa akimvuta mkono wa shati. Mwenye ndevu alitaka kulinunua gari. Palepale, lilivyo, na nta yake. Na Benoît, aliyelisahau miaka kumi, ghafla akakumbuka mapenzi yote. Gari lake, utoto wake, baba yake! Walishikana mikono mbele yetu. Kisha akamwita mtu alete soda moja kwa ajili ya mzee wa Bwera.

Asanasio aliipokea ile soda, akamkabidhi Ojara. Akaenda kwenye lori, akarudi na lile debe na mfuko wake. Debe akaliweka miguuni pa Benoît, akafungua kitambaa. Ndani kulikuwa na unga. Unga wa kahawia, umejaa mpaka juu.

"Hii ni nini?" akauliza Benoît.

"Mbao yako. Ile uliniachia. Mchwa ilikula, mwaka ya sitini na tatu. Nilichunga yote, hata kidogo haikupotea." Akatoa bisibisi. "Hii iko ndani ya gari iko mbao yangu."

Na akaanza.

Mlango wa kwanza ulitoka kabla mzungu yeyote hajaelewa. Alifungua skrubu, akabandua bati, akalipangusa, akalilaza juu ya turubai taratibu kama anayelaza mtoto. Ubao akaupitisha kwa Ojara, Ojara akautupa lorini. Mlango wa pili. Hapo ndipo mwanamke mmoja wa Nairobi alipiga kelele, na mwenye ndevu akashika kichwa kwa mikono yote miwili na kuanza kuniambia mimi nimzuie, kana kwamba diploma yangu ilifundisha hayo. Benoît alikuwa mwekundu kama pilipili.

"Mwizi! Muite polisi! Mwizi!"

Neno hilo lilimsimamisha Asanasio. Akaganda na skrubu kati ya vidole. Watu nje ya kamba nao wakaganda, na polisi mmoja aliyekuwa akilinda lango akaja mbio ameshika kofia yake.

"Simama! Nani mwizi hapa? Wewe mzee, weka chini hiyo bisibisi!"

Asanasio akaiweka chini.

"Gari ni ya nani?"

"Yangu!" akasema Benoît.

"Iko yake," akasema Asanasio.

Polisi akamtazama mmoja, akamtazama mwingine. Nadhani katika kazi yake hajawahi kuona wagombanao wakikubaliana. "Sasa munapigania nini?"

"Mbao," akasema Asanasio, na akaeleza yote, kwa maneno machache, kama mtu anayesoma vipimo vya kitanda. Alipofika kwenye debe, polisi akainama akachota unga kidogo, akaupuliza. Kisha akamgeukia Benoît.

"Hii mbao mpya, wewe ulinunua?"

"Gari ni yangu yote!"

"Mimi sijauliza gari. Mimi nauliza mbao."

Benoît akageuzageuza kofia mkononi.

"Na miaka kumi hii ulikuwa wapi?"

"Hapa."

"Hapa wapi?"

"Kasese."

"Kasese! Na Bwera iko pale!" Yule polisi akanyoosha mkono kuelekea barabara kana kwamba Bwera inaonekana. Aliinama akaokota bisibisi, akaipangusa kwenye suruali ya serikali, akampa Asanasio. "Fungua yako, mzee. Lakini pole pole. Batu baone."

Na wakaona. Tangu saa saba mpaka saa kumi mchana uwanja ulizidi kujaa. Waliokuwa sokoni waliacha vibanda wakaja. Magari mengine manane yalibaki peke yao kwenye nyasi, hayaangaliwi na mtu. Milango, sakafu, mbavu za paa moja baada ya nyingine, fremu za viti. Mwisho akaushika usukani, akafungua lile duara la mbao, akalitoa. Alipomaliza palikuwa na injini juu ya magurudumu manne, fimbo ya chuma ikitazama mbinguni, na bati safi zimepangwa juu ya turubai kwa utaratibu wake, kushoto kwa kushoto, kulia kwa kulia. Kichwa cha shaba hakukigusa. Skrubu vilevile alizichukua, maana alizinunua yeye. Hakuna kilichovunjika, hakuna kilichokwaruzwa. Mwenye ndevu alizunguka yale mabaki mara moja, akautazama mkono wake, ule aliompa Benoît walipokubaliana, akautia mfukoni.

Asanasio akapanda lori juu ya mbao zake. Tulipovuka daraja aliinamia dirisha la nyuma ya dereva, akasema: "Mulisikia ameniita mwizi." Ojara alisema alisikia.

Jumapili tulimpa pole, Jumatatu tukamwogopa, Jumanne watu wakaanza kusema kwamba sasa amekwisha, gari ameliuza na maiti ameihamisha. Mimi na Ojara tuliapa kwamba tumemwona hai, tukaambiwa tumenunuliwa kwa soda. Mama Vasta alimpikia bila kumsema, na hilo peke yake lilitutisha.

Alhamisi, saa nne asubuhi, likaja lori kutoka Kasese. Nyuma lilibeba injini yenye magurudumu na bati zimefungwa kwa kamba. Mbele, karibu na dereva, amevaa kofia ya jua, alikaa marehemu.

Sijui habari ilikimbia kwa miguu ya nani. Kabla Benoît hajakanyaga chini, ua ulikuwa umejaa. Wanawake walishika watoto wao. Mzee mmoja alifanya ishara ya msalaba, na yeye ni Mwislamu. Anastasie alipita katikati ya watu, akamsogelea mpaka pua kwa pua, akamfinya mkono kwa nguvu zake zote.

"Aïe!" akasema Benoît.

"Iko moto!" Anastasie akawageukia watu. "Batu, iko moto! Iko mutu!"

Hapo wakamjia wote. Walimshika mabega, walimshika tumbo, mtoto mmoja akamvuta nywele za mkononi kuona kama zitatoka. Benoît alisimama katikati ya uwanja akigeuka geuka, akijaribu kueleza kwamba amekuja kutengenezewa milango, hakuna fundi mwingine anayejua vipimo, kwamba mwenye ndevu bado anangoja Kampala. Nani alimsikiliza?

Saa nane mzee Eriya akafika kutoka Mahango, ametoka jasho. Sijui aliteremkaje haraka hivyo kwa umri ule. Watu wakampisha. Alimshika Mbelgiji mkono, akaendelea kuushika, akimtazama tu, mpaka Benoît akaanza kuangalia pembeni kutafuta msaada.

Enid alitoka jikoni na maji ya mgeni kwenye bakuli. Akampa Benoît kwanza, akangoja anywe. Kisha akamgeukia Eriya, akapiga goti kwa heshima zote.

"Karibu, baba. Umekuja kuona kaburi?"

Eriya alivua kofia.

Na Asanasio? Alikuwa kwenye meza yake, anapiga randa. Hakuinua kichwa alipofinywa Mbelgiji, hakukiinua alipofika Eriya. Benoît alipopenya hatimaye mpaka mbele yake, na kofia mkononi, na kuanza, "Mon vieux, sikiliza, ile mbao...", yeye alipuliza vumbi la mvule kutoka kwenye ubao, akauinua kutazama kama umenyooka, akamwonyesha kwa kidevu jiwe la kungojea zamu, karibu na ukuta. Juu yake alikaa bibi mmoja na kigoda kilichovunjika mguu mapajani, na nyuma yake kijana aliyeleta fremu ya dirisha.

"Keti nyuma ya huyo wa dirisha," akasema Asanasio. "Mama, leta kigoda."